Faili Lililojaa Nyuso

Nilipofungua kwa mara ya kwanza jedwali la wagonjwa wa kituo kile cha afya, niliamini kwamba upande ule wa Mlima Meru unakaliwa na ukoo mkubwa uitwao Babu. Katika safu ya jina la tatu, akina Babu walikuwa wengi kuliko majina mengine yote: watoto wa Babu, kinamama wa Babu, mapacha wa Babu. Mimi ni mtoto wa Daraja Mbili, kule mjini. Nimekulia katika nyumba ambayo upande wa baba ni watu wa Kondoa na upande wa mama ni watu wa Tanga, na nilichokijua kuhusu watu wa mlimani ni kile ambacho mtu wa mjini hukijua bila kujifunza: kahawa, ndizi, maziwa ya asubuhi na kwaya. Sikuuliza. Nilidhani kuhoji majina ya koo za watu ni utovu wa adabu, na zaidi ya hapo nilikuwa na mambo niliyoyaona kuwa makubwa.

Nilikuwa nimetoka chuoni na imani moja niliyoishika kama watu wanavyoshika dini, kwamba taarifa za mgonjwa ni amana. Aliyezitoa alizitoa akiwa anaumwa na hana namna, kwa hiyo anayezitunza hana haki ya kuzipoteza kwa uzembe wala kwa haraka. Nilimweleza hivyo mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, siku ya usaili wa kazi ya kutunza kumbukumbu na kompyuta. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema amefurahi sana, ila angefurahi zaidi kama ningeweza pia kuitengeneza printa.

Ninayoyakumbuka hapa yalitokea siku ya kliniki ya kifafa, ambayo kwetu ilikuwa mara moja kwa mwezi. Siku hiyo watu hushuka kutoka kwenye mashamba yaliyopakana na msitu, na wengine hupanda kutoka tambarare za Nduruma, nao hufika wakati ukungu ungali umeshika miti. Dawa za kifafa hazivumilii kukatizwa. Mtoto aliyezizoea akizikosa ghafla anaweza kuanguka vibaya kuliko alivyokuwa akianguka kabla hajaanza kutibiwa. Kwa sababu hiyo hakuna aliyekubali kurudishwa nyumbani mikono mitupu, na mfawidhi, ambaye siku hizo aligawa dawa kwa mkono wake mwenyewe, hakukubali kumrudisha mtu.

Mama wa mapokezi aliniita kwa sauti ya chini. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyeolewa katika kijiji cha jirani, mwenye kujua nani ni nani kuanzia lango la kituo hadi mpaka wa msitu, na tangu nifike alikuwa akiniita binti. Aliniambia kompyuta inaleta maneno. Nilipomuuliza tangu lini, akasema tangu asubuhi, na kwamba kila yalipokuja alibonyeza Sawa, kwa kuwa hapakuwa na kitufe kingine.

Niliyasoma yale maneno. Kisha nikafungua rekodi za asubuhi ile na kukuta hakuna hata moja iliyoandikwa.

Hifadhidata yetu ilikuwa faili moja, la aina ya zamani, na faili la aina ile lina dari. Likifika gigabaiti mbili halipokei tena. Debe likijaa humwagika, ukaona na ukaacha kumimina. Faili halimwagiki. Linaendelea kukuonyesha nafasi za kujaza, unaandika jina, unaandika uzito, unabonyeza, na ulichoandika hakiendi popote. Tena kulipunguza si kufuta tu. Unachokifuta huacha tundu ndani, na faili hubaki na unene uleule mpaka libanwe upya. Na kulibana likiwa limegusa dari ni kazi ya hatari, kwa sababu likivunjika katikati linaweza lisifunguke tena.

Nilitafuta kilicholijaza, na haikunichukua muda. Ni picha. Kila mgonjwa alikuwa na picha ya uso iliyopigwa kwa simu ya mapokezi, bila kupunguzwa, na si moja; kila alipohudhuria alipigwa nyingine. Nilimuuliza mama wa mapokezi kwa nini, kwa sauti ambayo sasa najua haikuwa ya kuuliza. Akasema zinamsaidia, akageukia foleni.

Mfawidhi alikuja akasimama nyuma yangu na kusema nizifute. Nilimweleza habari ya dari, ya tundu na ya kubana. Kisha nikamweleza habari ya amana. Aliniacha nimalize.

“Binti yangu,” akasema, “hiyo amana unayoizungumzia imekaa pale nje kwenye benchi. Hatutibu picha.”

Tulikubaliana nusu kwa nusu. Kwanza nilinakili faili zima kwenye diski ya nje nikaitia mfukoni. Kisha nikatengeneza nakala nyepesi, yenye maandishi bila picha, nikaiweka kwenye kompyuta mpakato ya mfawidhi ili aendelee kuhudumia. Mimi ningebaki kwenye kompyuta ya mapokezi nikizitoa picha ndani ya faili, moja baada ya nyingine, kwenda kwenye folda ya kawaida, kila moja ikiitwa kwa namba ya mgonjwa na tarehe. Zikitoka zote, ningelibana faili likiwa limepata nafasi ya kupumua. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba asiwepo mgonjwa wa kunisubiri mimi.

Kazi ilianza, na kwa muda ilionekana kwamba sharti litatimia. Mfawidhi alikuwa kwenye meza yake upande wa pili wa chumba kilekile, akitaja majina, akihesabu vidonge, akicheka na wazee. Nje mvua ilianza kunyesha juu ya bati. Nilitazama picha zikiingia kwenye folda na nilihisi fahari ambayo sikumwonyesha mtu.

Ndipo akaja mwanamke kijana na mtoto wa kike aliyevaa sweta la shule. Alisema dawa za mwanawe zimekwisha. Mfawidhi aliandika jina la mtoto na la baba, kisha akasogeza uso karibu na kioo.

Kwenye rekodi, watoto wa majina hayo walikuwa wawili. Jina la kwanza lilikuwa la Biblia, lile ambalo wasichana wengi wa kata ile wanalo, na jina la baba vilevile. Kijiji kilikuwa kimoja. Tarehe za kuzaliwa zilikuwa za kukisia, zote mwanzo wa mwaka. Alimpima mtoto uzito, lakini tofauti ya wale wawili katika rekodi ilikuwa ndogo kiasi kwamba sweta na viatu vingeweza kuificha. Rekodi ya kwanza ilisema aendelee na dawa ileile ya zamani. Ya pili ilikuwa na maneno ya daktari bingwa aliyekuja kutoka mjini kliniki iliyopita: kipimo cha damu kimeonyesha dawa hiyo inaliumiza ini la mtoto, isirudiwe, apewe nyingine. Mfawidhi alikuwa tayari ametoa kopo la dawa ya zamani kabatini. Aliliweka mezani, lakini hakulifungua.

Alimuuliza mama kama dawa ya mtoto ilibadilishwa. Mama hakujua. Alisema, akitazama chini, kwamba tangu masika ya mwaka uliopita alikuwa Nduruma akifanya kazi kwenye mashamba ya vitunguu, mtoto akalelewa na bibi yake, na bibi ndiye aliyekuwa akimleta kliniki. Sasa bibi alikuwa amekwenda msibani upande wa pili wa mlima, hana simu, na kadi ya mtoto ilikuwa naye. Baba alikuwa mpagazi, amepanda na watalii, hapatikani. Vidonge vilikwisha kabla bibi hajarudi.

“Basi twende na jina la tatu,” mfawidhi akasema. “Babu yake anaitwa nani?”

Mama hakujibu. Mfawidhi aliuliza tena, kwa upole. Mama alivuta kanga ikafunika nusu ya mdomo.

Niliacha kiti changu. Nilimwona mtoto amesimama akichezea uzi wa sweta, nikaliona kopo mezani, na ukimya ule niliuona kuwa upuuzi ambao ungeweza kumdhuru. Nilimwambia mama kwamba hapa ni hospitali, kwamba hakuna anayemdharau mtu, kwamba jina ni taarifa tu kama uzito, na alitamke ili mwanawe apone. Kadiri nilivyozungumza ndivyo alivyozidi kuinama. Nilimgeukia mama wa mapokezi aje anisaidie, kwa kuwa yeye alizijua familia zote. Nikakuta naye ametazama pembeni.

“Mimi namjua mzee huyo kama ninavyoujua mlango wangu,” akasema. “Lakini ni kaka wa baba mkwe wangu. Mkwe hatajwi jina, binti. Au kwenu Daraja Mbili baba mkwe anaitwa kama kuku?”

Watu wa kwenye benchi walicheka. Nilitaka kujibu, nikajaribu kukumbuka kama niliwahi kumsikia mama yangu akimtaja babu yangu mzaa baba kwa jina lake. Sikukumbuka hata siku moja.

Mzee mmoja mwenye koti la mvua alisimama kwenye foleni, akasema kwamba kama ni jina tu, atalitaja yeye. “Mimi ni rika lake. Tulitahiriwa pamoja, na alilia kuliko mimi.” Akalitaja kwa sauti ya kutosha kusikika hadi langoni. Benchi zima likaangua kicheko, na yule mama kijana akajifunika uso wote, mabega yakitikisika, sikujua kwa kucheka au kwa aibu.

Mfawidhi aliliandika. Mashine ikamjibu kwamba hakuna mgonjwa wa jina hilo.

Alilirudia kwa tahajia nyingine. Hakuna. Nilikwenda nyuma ya kiti chake, nikatazama zile rekodi mbili hadi mwisho wa mstari, na hapo ndipo nilipoelewa. Zote mbili, katika safu ya jina la tatu, zilikuwa na neno moja: Babu.

Mama wa mapokezi alinieleza kwa sauti ndogo. Karani aliyemtangulia alikuwa mgeni kama mimi. Alikuwa akiwauliza kinamama jina la tatu la mtoto, nao wanajibu, hilo ni la babu yake, wakinyamaza hapo. Fomu haikubali safu hiyo iachwe wazi. Basi akaandika alichokisikia. Yeye alipokuja, alikuta ukoo mzima umeshazaliwa, na hakuweza kuwalazimisha wenzake kusema ambalo yeye mwenyewe hasemi. Akaanza kuwapiga picha.

“Na kila mara?” nikamuuliza.

“Mtoto anakua. Uso wa mwaka juzi si wake tena.”

Kwa hiyo jina tulilompokonya yule mama mbele ya watu halikuwa na kazi. Hata angelisema mwenyewe tangu mwanzo, faili lisingelitambua. Kilichobaki ni picha, na picha nilikuwa nimeziondoa mimi kwenye nakala iliyokuwa mezani.

Niliichomoa ile diski mfukoni, nikaichomeka kwenye kompyuta ya mfawidhi. Faili lililofika kwenye dari lilikuwa limefika kwenye dari popote pale. Programu ilijaribu kulifungua, ikaganda, ikajifunga. Niliirudisha diski mfukoni, nikarudi mapokezi. Folda ilikuwa ikiendelea kujaa kwa mpangilio wa namba. Namba ya rekodi ya kwanza ilikuwa imeshapita, ya pili ilikuwa bado mbele. Kusimamisha kazi ile katikati, ndani ya faili la hali ile, ni sawa na kumwamsha mtu aliyepasuliwa kabla hajashonwa. Ilikuwa lazima tungoje.

Niliwaita waje. Mama alikaa kwenye kiti changu, mtoto akaegemea goti lake, na mfawidhi akasimama na kopo mkononi. Nilifungua picha za namba ya kwanza. Katika zote, mtoto alikuwa amelala mgongoni mwa mtu, kofia ya sufu imevutwa hadi kwenye nyusi, shavu limebanwa, jicho moja linaonekana likiwa limefumba. Mama alizitazama kwa muda mrefu. Aligusa kioo karibu na ile kofia.

“Kofia hii tunayo,” akasema.

Mama wa mapokezi akamkumbusha kwamba kofia hiyo kila mtoto wa huku anayo. Mama akatikisa kichwa kukubali. Alitazama tena, kisha akamtazama mwanawe, kisha picha. “Inaweza kuwa yeye,” akasema, halafu, “sijui.” Neno hilo la pili alilisema kwa sauti ambayo haikutuhusu sisi. Aliondoka mtoto akiwa mfupi, mashavu yamejaa, na sasa alikuwa ameegemewa na msichana ambaye alikuwa bado anajifunza kumtambua.

Hapo umeme ukakatika.

Taa ilizimika, kioo kikabaki kinawaka, na betri ya akiba chini ya meza ikaanza kulia. Ilikuwa betri ya zamani. Mfawidhi aliniambia nizime kwa utaratibu kabla haijatuzimia. Nilijua hoja yake: kompyuta ikifa ghafla, faili lingeweza kufa nayo, na kazi yote kuanza upya umeme utakaporudi, na siku za mvua umeme haurudi kwa kuombwa. Nilijua pia kwamba nikizima, atabaki na njia mbili tu, kumpa mtoto dawa kwa kukisia au kumrudisha bila dawa.

“Nakala kamili ninayo mfukoni,” nikamwambia. “Faili likifa, litakuwa limekufa moja. Naomba tusubiri.”

Alilitazama kopo. “Subiri,” akasema.

Foleni ilikuwa imesogea hadi mlangoni, na yule mzee wa koti la mvua alikuwa amevua kofia. Namba zilipanda. Picha ziliingia kwa makundi, nyuso za watu waliokaa palepale kwenye benchi na za watu ambao sikuwahi kuwaona, na kila betri ilipolia mama alimbana mtoto kidogo zaidi. Kisha ikaingia namba niliyokuwa nikiingoja, na nikaifungua kabla jina lake halijatulia kwenye orodha.

Ilikuwa picha ya kliniki iliyopita. Mtoto alikuwa ametazama mbele, macho wazi, na kando ya picha mkono wa mtu mzima ulikuwa umemshika kidevu kumwinua uso.

“Huo ni mkono wa mama,” akasema, akimaanisha mama wa mumewe. “Ile bangili. Ndiye huyu. Ndiye.”

Mtoto naye alijisogeza, akajitazama, akasema hiyo siku alikuwa ametolewa damu na hakulia.

Mfawidhi alirudi kabatini. Aliliweka lile kopo mahali pake, akatoa jingine, akasoma maandishi yake, kisha akayasoma tena akiwa amelisogeza karibu na dirisha kwenye mwanga. Alihesabu vidonge, na kimoja akampa mtoto palepale na kikombe cha maji. Sote tulitazama koo lile dogo likimeza. Kisha akamweleza mama juu ya ini, kwamba limewahiwa, na kwamba ile dawa ya zamani isiingie tena nyumbani hata kama jirani anayo. Mama alirudia maneno yake moja baada ya jingine ili ayashike.

Kazi ya kutoa picha ilikwisha muda mfupi baadaye, nikalifunga faili likiwa salama. Kulibana kungesubiri umeme. Nilikuwa nimeshika kitufe cha kuzimia nilipogundua kwamba mama bado amekaa kwenye kiti changu.

“Zipo nyingine?” akauliza. “Za huyu?”

Nilimwambia zipo, za kila mwezi. Nilimtazama mfawidhi kwa sababu ya foleni. Alikuwa amekwishaita jina la mtu mwingine na kumpa kiti upande wake, mgongo umetugeukia.

Nilifungua ya mwezi wa kwanza baada ya yeye kuondoka. Mtoto alikuwa na nywele zilizosukwa ovyo. Mama akacheka, akauliza nani alimsuka vile, na mama wa mapokezi akamjibu kwamba ni bibi, na macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Katika iliyofuata, jino moja la mbele halikuwapo. Mama akauliza liling'oka lini, mtoto akamweleza kisa chote, jino, uzi, mlango, naye akamsikiliza bila kuondoa macho kwenye kioo. Betri sasa ilikuwa ikilia kwa haraka. Akaniomba nirudi nyuma kidogo, pale kwenye nywele, halafu nisogee tena. Nikarudi, nikasogea, nikafungua iliyofuata.